Andika Mwenyewe, Lakini Usiandike Peke Yako

Mhadhara uliotolewa Bukoba mbele ya walimu wastaafu na wananchi waalikwa. Umechapwa kama ulivyosemwa, isipokuwa maswali ya mwisho.

Ndugu Mwenyekiti, masheikh na mapadri mliotuheshimu kwa kuja, walimu wangu, wageni waalikwa, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: nawashukuru kwa kunialika.

Katibu wa chama chenu aliponipigia simu hakunipa mada, alinipa swali. Alisema mwanachama mmoja, aliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka 34, alisimama mkutanoni akauliza: "Mimi nimewafundisha watu kusoma na kuandika. Kwa nini nimlipe mtu mwingine aniandikie wosia wangu?" Ukumbi ukapiga makofi, halafu ukanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jibu. Mwalimu huyo yupo hapa leo, nimemwona. Mhadhara huu ni wake.

Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa miaka 27 katika mkoa huu. Nimesikiliza kesi za wizi wa mbuzi, za matusi, za madai ya mahari. Nyingi nilizisahau jioni ileile. Za mirathi zilinifuata nyumbani. Kusudi langu leo ni kumjibu Mwalimu kwa yote ninayoyajua, na jibu nalitoa mapema: ndiyo, andika mwenyewe. Sheria yetu haidai muhuri wa wakili wala karatasi ya aina fulani. Lakini usiandike peke yako. Nina hoja tano. Hazilingani uzito, kwa hiyo nyingine nitazipita haraka na moja nitakaa nayo sana, nanyi mtanivumilia.

Hoja ya kwanza: wosia upi?

Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili. Mzee akiwaita wanawe akawaambia wapendane, wasiuze kibanja, yaani shamba la nyumbani, wamtunze mama yao, tunasema ametoa wosia. Mtu akiandika nani apewe nini, akatia sahihi mbele ya mashahidi, hiyo karatasi nayo tunaiita wosia. La kwanza ni nasaha. La pili ni hati. Familia nyingi zilizosimama mbele yangu zilikuwa na la kwanza zikidhani zina la pili.

Nilikuwa nauliza: "Marehemu aliacha wosia?" Wananijibu, "Ndiyo, Mheshimiwa." Nauliza uko wapi. Wanasema, "Alituambia tusigombane." Na hapo wanakuwa wamekuja watatu kwa upande mmoja na wanne kwa upande wa pili, hawatazamani. Hawakuwa wakinidanganya. Baba yao alisema hivyo kweli, na yamkini alikufa akiamini kwamba amemaliza kazi.

Sisemi maneno ya mdomo hayana nguvu. Sheria yetu ya kimila, ile iliyotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 436 la 1963, inautambua wosia wa mdomo, lakini inataka mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Jirani zetu wa Kenya wanaukubali ukisemwa mbele ya mashahidi wawili, na aliyeusema akafariki ndani ya miezi mitatu. Zaidi ya hapo, sheria yao haiuamini tena. Sasa angalieni jinsi maneno hayo yanavyosemwa majumbani mwetu. Ni usiku, mgonjwa yu kitandani, binti mmoja ndiye anayemnywesha uji. Mzee anamshika mkono, anasema, "Nyumba hii ni yako, mwanangu." Binti analia. Hakuna mtu baki hata mmoja. Asubuhi maneno yale yanakuwa ya binti peke yake, na kikaoni yatageuzwa kuwa tuhuma dhidi yake.

Wala msidhani hili huwapata wasiosoma tu. Wengi wenu mnaikumbuka kesi ya S. M. Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, aliyefariki Desemba 20, 1986. Mahakamani walikuja watu wakaeleza kwamba aliwaambia anataka kuzikwa wapi. Hakuwa ameacha wosia wa maandishi. Mjane wake, Wambui, na ukoo wa Umira Kager walivutana mpaka Mahakama ya Rufani, na alizikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 23, 1987, miezi mitano baada ya kufa, kama ukoo ulivyotaka. Kesi ile ilihusu mazishi, haikuhusu kugawa mali, na siwezi kuwaambia kwamba karatasi ingemaliza kila kitu. Nawatajia kwa sababu moja: mtu aliyeishi kwa sheria alibaki akisemewa na wengine.

Hoja ya pili: usipoandika, umekwisha andikiwa

Watu hudhani asiye na wosia ameacha mambo wazi. Siyo wazi. Siku anapokata roho, sheria inatoa mgawanyo wake ulioandikwa zamani na watu wasiomjua yeye wala wanawe. Na kwetu Tanzania si sheria moja. Mahakama huchagua kwa kuangalia jinsi marehemu alivyoishi: alifunga ndoa ipi, alisali wapi, nyumba yake aliiendesha kwa desturi zipi.

Ya kwanza ni ya kimila. Tangazo lile la 1963 linawapanga watoto kwa madaraja matatu. Daraja la kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa. La pili ni watoto wengine wa kiume. La tatu ni mabinti, hata kama binti ndiye aliyemwogesha baba miaka sita ya kupooza. Mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Kazi ya kumtunza wanaachiwa watoto. Wajane wawili wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kuzipinga kanuni hizo. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kwamba zina ubaguzi lakini haikuzifuta, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliona kwamba nchi yetu imewakosea wajane wale. Mimi nimestaafu nikiwa bado nalifungua tangazo lile mezani.

Ya pili ni Sheria ya Urithi ya India ya 1865. Msishangae, Waingereza walituletea, na Mkristo aliyeziacha desturi za ukoo bado anaweza kugawiwa mali kwa sheria hiyo: mjane theluthi moja, watoto theluthi mbili.

Ya tatu ni ya Kiislamu, na nikiizungumza mbele ya masheikh nazungumza kwa adabu. Mafungu yapo katika Suratun-Nisaa: mke anapata robo mume asipoacha mtoto, thumni akiacha. Kwa kuwa mafungu yamepangwa, Waislamu wengi huniambia hawahitaji wasia. Nawaomba wafikiri tena. Deni hulipwa kabla ya kugawa chochote, na deni lisiloandikwa halilipwi, au hulipwa mara mbili. Halafu kuna theluthi, ambayo mtu anaweza kumwusia asiye mrithi. Chukueni mzee ambaye mwanawe wa kiume amemtangulia, akaacha wajukuu watatu. Baba zao wadogo wakiwepo, wajukuu wale hawarithi kwa babu. Babu anaweza kuwaandikia ndani ya theluthi ile, ikiwa ataandika. Asipoandika watabaki kutegemea huruma ya baba zao wadogo. Mtume (s.a.w.) alihimiza kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa, kwa hiyo anayeniambia kuandika ni kujitabiria kifo namrudisha kwa sheikh wake.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kushika kalamu ni hili: nikifa leo, karatasi yangu itasomwa kwa sheria ipi? Mkristo mwenye cheti cha ndoa ya kanisani na kibanja cha ukoo anaweza kuvutwa huku na huku. Liandike hilo ndani ya wosia: wewe ni nani, umeishi vipi, unataka mambo yako yaongozwe na sheria ipi. Mahakama haitafungwa na maneno yako peke yake, lakini itayasikia.

Hoja ya tatu: kalamu yako haikosi kitu, ukurasa wako ndio unakosa

Hapa nitakaa.

Baba yangu alikuwa mwalimu. Alifariki mwaka 1984. Matanga yalipokwisha, tulifungua sanduku lake la bati kutafuta stakabadhi za kahawa, kwa maana chama cha ushirika kilikuwa kinadaiwa malipo ya msimu. Chini ya stakabadhi kulikuwa na kaunta buku. Kurasa mbili za katikati zilikuwa wosia. Mwandiko wake ulikuwa umelala kidogo kulia, kama alivyotulazimisha sisi wote kuandika, na kila herufi imekaa juu ya mstari. Alieleza nyumba ni ya nani na kibanja kinachoizunguka ni cha nani: vyote vya mama yangu, mpaka afe, kisha vigawanywe sawa kwa watoto wote. Aliweka tarehe. Alitia sahihi. Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na doa la mafuta ya taa, kwa hiyo nadhani aliandika usiku, peke yake, sisi tumelala.

Chini ya sahihi yake hapakuwa na jina la mtu mwingine.

Kikao cha ukoo kilikaa. Nataka mlisikie hili vizuri, hasa wewe Mwalimu. Hakuna aliyesema karatasi ni ya kughushi. Ilipitishwa mkono kwa mkono na kila mmoja akakubali. Mzee mmoja, ambaye baba alimfundisha kusoma, aliishika kwa mikono miwili akasema, "Mwandiko ni wa Mwalimu. Mashahidi wako wapi?" Akairudisha. Ikaishia pale. Kibanja kikaenda kwa kaka yetu mkubwa, mtoto wa mke wa kwanza ambaye alikwisha fariki. Kaka yangu hakuwa mtu mbaya, naye ametangulia, simsemi. Alimwacha mama akae ndani ya nyumba. Lakini nilirudi likizo asubuhi moja nikamkuta mama amesimama kwenye mlango wa kaka, kanga kaifunga kiunoni, panga mkononi, anaomba ruhusa ya kukata mkungu kwenye mgomba alioupanda mwenyewe.

Miaka mingi baadaye nikiwa hakimu, aliingia kijana na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Wosia wa mama yake. Mwandiko mzuri, sahihi, tarehe, hakuna shahidi. Niliusoma, nikaukataa, kwa kuwa sheria niliyoapa kuitumikia haikuniachia njia nyingine. Niliahirisha kesi zilizobaki za siku ile.

Kwa hiyo Mwalimu, elimu yako ya kuandika haikudharauliwa. Sheria inauliza jambo ambalo mwandiko hauwezi kulijibu: je, ulipotia sahihi ulikuwa na akili timamu, ulikuwa huru, hakuna aliyekusimamia kichwani? Wewe hutakuwepo kujibu. Lazima wawepo waliokuona.

Yaandikeni haya, vijana mna simu, yaandikeni. Kwa wosia wa kimila wa maandishi, mwenye kuusia akijua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, nao wawe wanajua kusoma na kuandika. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Kwa wosia wa Sheria ya 1865, mashahidi wawili, waone unatia sahihi au wakusikie ukikiri kwamba sahihi ni yako, kisha nao watie sahihi mbele yako. Na shahidi asiwe mtu anayepewa kitu ndani ya wosia, wala mume au mke wake. Kwa sheria ile ya 1865 wosia utabaki hai lakini zawadi ya shahidi huyo itakufa. Nimeona mtoto mwema akipoteza nyumba kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu siku ile, akaitwa atie sahihi.

Najua wengine mna watoto Ulaya na Marekani, nao wamewaambia kwamba kule mtu huandika kwa mkono wake na inatosha. Ni kweli kwa baadhi ya nchi. Ufaransa, wosia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, ukatiwa tarehe na sahihi, hauhitaji shahidi. Lakini hata kule tazameni. Mwimbaji Aretha Franklin alifariki Agosti 2018 katika jimbo la Michigan, ambako maandishi ya mkono yanaweza kukubaliwa. Zilipatikana karatasi za mwaka 2010 ndani ya kabati lililofungwa, na daftari la mwaka 2014 chini ya mto wa kochi. Wanawe walifikishana mbele ya baraza la wazee wa mahakama, na uamuzi kwamba daftari la 2014 ndilo wosia ulitoka Julai 2023. Karibu miaka mitano.

Sasa mfano wa nyumbani, tena si mbali na hapa. Holaria Pastory alikuwa mama wa Muleba. Baba yake alimwachia ardhi ya ukoo kwa wosia. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, aliiuza Agosti 24, 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Kesho yake mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha: mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda pale, akashindwa Mahakama ya Wilaya, wakafika Mahakama Kuu Mwanza. Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mila inayompa mwanamume ruhusa ya kuuza na kumnyima mwanamke inapingana na Katiba. Wanasheria duniani kote wanaisoma kesi hiyo kwa sababu ya haki za wanawake, na wako sahihi. Mimi kila nikiisoma namfikiria yule baba. Ugomvi wote ulikuwa juu ya kuuza. Kwamba Holaria aliipata ardhi kwa wosia halali, hilo lilichukuliwa kuwa limekwisha. Mpwa alilazimika kutafuta mlango mwingine, kwa sababu mlango wa wosia ulikuwa umefungwa sawasawa na mzee ambaye alikuwa kaburini.

Mama yangu hakuwa na mlango huo.

Hoja ya nne: siri

Kwa nini baba yangu, mtu makini kiasi kile, hakuita mashahidi? Nimejiuliza kwa miaka mingi. Nadhani alijua kwamba shahidi wa ukoo atakuwa ndugu yake, na ndugu yake hataipenda karatasi ile. Aliogopa ugomvi akiwa hai, akauacha uje akiwa amekufa, umkute mama peke yake.

Wengi wenu mko pale alipokuwa. Mnaogopa mke atanuna, kaka atakasirika, mtoto atabadilika. Basi tenganisheni mambo mawili: yaliyomo ndani ya wosia, na kuwepo kwa wosia. Yaliyomo yanaweza kuwa siri. Shahidi anashuhudia sahihi yako na akili yako. Unaweza kufunika maandishi kwa karatasi nyingine ukamwachia nafasi ya kutia sahihi tu. Lakini kuwepo kwake kusiwe siri. Watu watatu angalau wajue upo, uliandikwa lini, umewekwa wapi. Usiufiche chini ya godoro. Nakala halisi ikae kwa paroko, kwa imamu, kwa wakili, au RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao huandika na kuhifadhi wosia za wananchi.

Nami ningependa, ikiwezekana, mwende mbali zaidi. Mwambieni mliyempunguzia. Mwite, mkae, mweleze kwa kinywa chako mwenyewe kwa nini umefanya ulivyofanya. Hasira utakayoikuta kwake leo utaweza kuijibu. Na anayetaka kumnyima mtoto kabisa kwa sheria ya kimila, ajue sababu zinahesabika na lazima zitajwe waziwazi. Kutompenda mke wa mtoto huyo si mojawapo.

Hoja ya tano: lini usiandike mwenyewe

Hii nitaipita kwa haraka kidogo, maana naona mwenyekiti anaangalia saa.

Kama una mke mmoja au mume mmoja, nyumba moja, kibanja kimoja, akaunti na kiinua mgongo kilichobaki, kalamu yako inatosha. Andika kwa wino. Eleza kila kitu kwa namna ambayo mgeni angekikuta bila kuelekezwa. Nimewahi kusoma "shamba la chini apewe mdogo" katika familia yenye mashamba mawili ya chini, na "mdogo" alikuwa mdogo wakati ule. Baadaye walizaliwa wengine wawili. Andika jina kamili, kijiji, kitongoji, majirani wa pande nne, namba ya hatimiliki ya kimila kama unayo. Andika madeni yako na wanaokudai. Taja msimamizi wa kutekeleza wosia, na wa pili kama wa kwanza atatangulia. Wosia hauendi moja kwa moja benki. Msimamizi lazima aupeleke mahakamani athibitishwe. Mahakama Kuu ikimthibitisha, ndani ya miezi 6 anatoa orodha ya mali na ndani ya mwaka 1 hesabu. Chagua mtu anayeweza kazi hiyo. Mtoto wa kwanza si lazima awe ndiye.

Na usiusie kisicho chako. Nyumba mliyojenga wawili si yako peke yako hata kama hati ina jina lako. Kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 ilihusu talaka, lakini tangu siku ile mahakama zetu zinahesabu kazi za nyumbani za mke kuwa jasho lililochangia mali. Toa kwanza sehemu ya mwenzako, ndipo ugawe yako.

Lakini kuna watu nitakaowaomba wasishike kalamu bila mwanasheria. Mwenye nyumba mbili au watoto wa nje ambao familia haiwajui. Mwenye biashara aliyoshirikiana na watu. Mwenye ardhi iliyo katika mgogoro, au mali ng'ambo ya mpaka, na hapa Kagera ng'ambo ya mpaka si mbali. Mgonjwa aliyelazwa, kwa maana wosia wa kitandani hodi yake ya kwanza ni swali la akili timamu. Na mjane au mgane anayefikiria kuoa au kuolewa tena: chini ya Sheria ya 1865 ndoa mpya inaufuta wosia wa zamani, na nimewaona watu wasiojua hilo mpaka mwisho. Asiye na fedha ya wakili awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kuwaendea si aibu kwa mwalimu.

Tunakwenda wapi kutoka hapa

Ndugu Mwenyekiti, nina mapendekezo mawili, kisha nimalize. Chama chenu kina walimu wanaojua kuandika, kina wanachama wa koo nyingi ambao kwa kila mmoja wenu ni watu baki, na kina ukumbi. Hicho ndicho baba yangu alikikosa. Naomba mtenge Jumamosi moja kila baada ya miezi mitatu, watu waje na rasimu zao na ndugu mmoja wa ukoo, wakute hapa shahidi wa pili na msaidizi wa kisheria. Mimi nitakuja bila posho maadamu miguu inanibeba. La pili ni kubwa kuliko ukumbi huu: tangazo la 1963 liandikwe upya. Mlio na wabunge mnaowafahamu, waulizeni.

Vijana wa nyuma, ninyi mnanunua viwanja mkiwa na miaka 25, fedha zenu zipo kwenye simu ambazo namba zake za siri mnazijua ninyi tu. Jumamosi hizo ni zenu pia.

Na sasa naomba msaada. Nilipata mjukuu wa sita mwezi wa tatu, kwa hiyo wosia wangu wa zamani umepitwa na wakati, na juzi niliandika mwingine. Uko ndani ya mkoba huu. Nimeuandika kwa mkono wangu, kurasa tatu, wino mweusi. Mdogo wangu nimekuja naye, ameketi pale karibu na mlango. Hamna kitu chake humu ndani, anajua. Nahitaji mtu baki mmoja, mwenye miwani yake, anione nikitia sahihi. Mwalimu wa darasa la kwanza, kama hutajali, sogea hapa mezani.